Fundi Pedeli na Magurudumu ya Kaboni

"Pesa hainiendeshi mimi. Mimi ndiye ninayeiendesha, tena kwa gia ya juu!"

Aliyesema hivyo ni Fundi Pedeli, fundi cherehani wa mtaani kwetu, Jumapili asubuhi, amechuchumaa kibarazani akipangusa baiskeli yake ya mashindano kwa kitambaa laini kuliko shati alilovaa. Ndani chai inatokota, watoto wanacheka, mkewe anapiga pasi. Nyumba imetulia tuli. Basi jamani, ishikeni kauli hiyo, maana haikumaliza hata wiki.

Jumatatu aliona dukani magurudumu ya kaboni, mepesi hata ukiyapuliza yanazunguka. Mfuko mtupu. Akaigeukia ovaloki, ile mashine inayofunga kingo za nguo zisifumuke. "Msimu wa sare umepita," akajiambia. "Hii inakula vumbi tu." Akamuuzia fundi wa ng'ambo ya barabara, akayanunua magurudumu, kisha akamdanganya mkewe kuwa mashine imekwenda matengenezo.

Siku ya nne akaingia mwalimu mkuu wa shule mpya. Anataka sare themanini, Ijumaa ya wiki ijayo. Akiridhika, kazi ni ya kila mwaka. Pedeli alikubali kwa vifijo, kisha ndipo akakumbuka. Akajipa moyo atafunga kingo kwa mkono. Sketi kumi za kwanza alizopeleka zilirudi kesho yake, nyuzi zinaning'inia kama ndevu za beberu.

"Fundi, hizi ni sketi au mafagio?"

"Mwalimu, huo... ni mtindo mpya."

"Basi Jumatatu kazi yote nampelekea fundi mwingine."

Mwalimu alipotoka, mkewe alikuwa mlangoni. Amesikia yote.

"Baba Watoto, ovaloki iko wapi?"

"Si nilikwambia, matengenezo."

"Matengenezo ng'ambo ya barabara? Naisikia inanguruma kule tangu juzi. Sauti yake naijua kuliko ninavyoijua yako."

Pedeli akaanza kuokota nyuzi sakafuni.

"Baiskeli sikukatazi," mkewe akaendelea. "Ukitoka kuiendesha unarudi na uso wa bwana harusi, na mimi napenda. Lakini wewe umeuza jembe ukanunua kofia ya kuvalia shambani!"

Neno hilo lilimchoma. Mchana uleule aliyafungua magurudumu, akayabeba hadi kwa Bucha, muuza nyama ambaye huendesha naye.

"Yachukue, ndugu yangu."

"Kwa bei ya dukani?"

"Kwa bei ya mtu aliyeumbuka."

Pesa haikutosha kuikomboa ovaloki. Pengo alilijaza kwa kumshonea yule fundi wa ng'ambo mashati sita bure, huku akitaniwa kila kifungo. Lakini mashine ilirudi! Jumatatu mwalimu alipoonyeshwa sketi mpya, akaghairi. Nyumba nzima ikaingia kazini: mama anatia vifungo, watoto wanakata nyuzi. Ijumaa mwalimu aligeuza sketi ndani nje, akavuta uzi, akavuta tena. Wapi!

"Mwakani mia mbili," akasema.

Nyumbani ikapitishwa sheria: baiskeli ijilishe yenyewe. Jumamosi Pedeli hushona kaptula za waendesha baiskeli, na pesa hiyo tu ndiyo ya magurudumu. Nyingine haiguswi. Baiskeli ikitaka kengele, ikashone kwanza.

Na mashindano ya mwezi uliofuata? Pedeli, juu ya magurudumu yake ya zamani ya chuma, alimpita Bucha na kaboni yake hatua chache kabla ya utepe, mkewe akipiga kelele, "Kanyaga, Baba Watoto!" Bucha hadi leo analaumu upepo.

FUNZO

Kupenda kitu si kosa. Hata moyo unahitaji chakula. Kosa ni kuuza kinachokulisha ili ununue kinachokufurahisha, kisha kumficha mwenzio. Tengea starehe fungu lake, na likiisha, subiri. Mimi mwenyewe nilimwonya Pedeli mapema, ila sikio la...

"Nani alionya?" Mke wa Pedeli huyo, anasoma begani kwangu. "Si wewe, shemeji, uliyemsaidia kuyabeba yale magurudumu kutoka dukani, ukiimba njia nzima?"

Njia nzima, hapana. Nusu tu.