Gari la Baba Lililogoma Kuwaka

Kila siku akitoka shule, Kidoti aliikuta nyumba imefungwa. Alifungua mwenyewe, akala chakula alichoachiwa na shangazi yake, akaosha vyombo, kisha akafanya kazi ya shule. Shangazi alikuwa muuguzi, na mara nyingi alirudi giza limeshaingia. Mama alifariki Kidoti akiwa mdogo, na baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akionekana nyumbani kwa nadra. Mchana kutwa hapakuwa na wa kusemeshwa isipokuwa redio, na redio haijibu mtu.

Ndiyo maana alizoea kwenda kwenye banda la gari. Humo baba aliweka gari lake la spoti la zamani, la milango miwili, jekundu lililopauka, fupi hata majirani wakatania kwamba anayelipanda lazima kwanza apige magoti. Kidoti alikatazwa kuingia humo peke yake. Hata hivyo, alikuwa akichukua ufunguo kwenye msumari wa jikoni, anaketi kwenye kiti cha abiria, anauzungusha kidogo tu bila kuwasha injini. Pampu ya mafuta ilivuma huko nyuma, kisha ikanyamaza. Baba alikuwa na desturi ya kuusikiliza mvumo huo kwanza kabla ya kupiga stata, kwa hiyo Kidoti akiusikia huona kama baba yupo. Hapo huanza kusimulia mambo yake yote ya shule. Alijua anakisimulia kiti kitupu, lakini alisimulia.

Siku moja baba alipiga simu kusema safari imerefushwa na hatakuja. Kidoti alimwitikia vizuri tu. Simu ilipokatika, alikwenda bandani, akaketi, akalia, na kwa hasira akapiga teke chini ya dashibodi. Alipozungusha ufunguo, pampu haikuvuma. Akajaribu tena. Kimya. Akaurudisha ufunguo msumarini na kufunga mdomo.

Jumamosi iliyofuata baba alitokea asubuhi, uso umejaa furaha. "Leo tunatoka, mimi na wewe tu," alisema. "Kesho alfajiri narudi barabarani, kwa hiyo leo ni siku yako."

Wakaingia bandani, baba akapiga stata. Injini ilizunguka na kuzunguka, isiwake. Baba akamwita fundi wa mtaa wa pili, mama wa makamo mwenye maneno mengi kuliko spana.

"Shikamoo," Kidoti alimsalimu kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna kuliko gari lenyewe?" Fundi akafungua boneti. "Betri nzima, stata nzima." Akachomoa plagi moja, akaipima, akainusa. "Cheche ipo, ila plagi kavu kabisa, haina hata harufu. Petroli haifiki. Kaka, zungusha ufunguo nami nisikilize huku nyuma."

Akainamisha sikio karibu na tangi. "Pampu imelala," alisema. Akatazama fyuzi, akaikuta nzima. Akapima kwenye pampu kwa taa yake ndogo ya kupimia, nayo haikuwaka. "Umeme haufiki kwenye pampu. Labda waya umekatika mahali. Gari la aina hii sijawahi kulifungua, kaka. Itabidi nilivute mpaka gereji, ning'oe viti, nifuatilie nyaya pole pole. Njoo wiki ijayo. Au kuna kitu kimeligonga?"

"Limekaa tu bandani," baba alijibu. "Hakuna aliyeligusa."

Kidoti alipima moyoni. Akinyamaza, gari litavutwa na siku yake itapotea. Akisema, baba atakasirika, na mtu aliyekasirika huenda asione haraka ya kurudi nyumbani. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Fundi alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya kuvutia. Kidoti akajikaza kisabuni.

"Baba, mimi niliingia. Nilipiga teke pale chini, na tangu hapo pampu haivumi."

Baba akabaki anamtazama. Fundi akaitupa kamba. "Teke? Wapi hasa? Nionyeshe."

Kidoti alionyesha. Fundi akafunua zulia mbele ya kiti cha abiria, na nyuma yake kulikuwa na kiboksi kidogo chenye kitufe kilichochomoza. "Ahaa! Hii ni swichi ya usalama. Gari likigongwa, inakata umeme wa pampu ili petroli isimwagike ikaleta moto. Teke lako, mwanangu, limeidanganya kwamba ni ajali!" Akakibonyeza kitufe. Pampu ikavuma. Baba akapiga stata, na injini ikakohoa kidogo, ikawaka.

Fundi aliondoka akicheka kwamba timu ya mtaa imepata beki. Baba hakucheka. Alizima injini. "Ulikuwa ukifanya nini humu?"

"Nilikuwa nakuhadithia mambo ya shule. Nikaogopa kukwambia, usije ukakasirika ukaacha kurudi."

"Ulikosea kuingia nilipokukataza," baba alisema, "na ulikosea zaidi kuficha. Fundi angeng'oa gari zima akitafuta jambo ambalo wewe ulilijua. Ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo. Nitakugombeza, ndiyo, lakini siwezi kuacha kurudi nyumbani kwa sababu umesema kweli. Na kinachokuuma nacho useme. Mimi niko mbali, usiponiambia nitaendelea kudhani uko salama."

Kidoti alitazama magoti yake. Kulikuwa na neno moja ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

"Baba, nakaa peke yangu sana."

Baba alikuwa ameshashika ufunguo. Akauachia, akamvuta mwanawe begani. "Nimesikia," alisema. "Jioni tutakaa na shangazi yako tulizungumze hilo, sisi watatu. Sasa niambie na mengine." Wakabaki vile vile bandani, gari likiwa limezimwa, na Kidoti akaanza kuyasema.