Jina Lililozidi Ubaoni

Kabati la shule lilikuwa wazi, na tableti moja ilikuwa haipo.

Inspekta Soudi aliinama kukitazama kitasa. Hakikuvunjwa. Kwenye mlango kulikuwa na alama za vidole zenye mafuta ya mawese.

"Mji mzima wa Kindu unapikia mawese," alimwambia askari aliyekuwa akizichukua alama hizo. "Hazitatufikisha mbali."

Mkurugenzi wa shule alikwisha kumtaja mshukiwa wake: mzee Thaddée, mlinzi. Mzee alikuwa ameketi rumande, kofia mapajani.

"Ufunguo wa kabati unakaa na nani?" Soudi alimhoji.

"Njo mimi nauweka, Shefu. Na Mwalimu Claire."

"Tableti iko wapi?"

"Sijui. Na kama ningejua, ningekwisha kusema. Nina haya kulala hapa, na umri huu."

Soudi alimwamini. Lakini imani si ushahidi.

Siku ya pili yake Mwalimu Claire, wa darasa la tano, alimjia ofisini akiwa anahema.

"Inspekta, mwizi anahudhuria masomo yangu."

"Vipi?"

Claire alieleza. Tangu shule ipate tableti na mtandao, alikuwa akiwafundisha watoto kwa michezo ya maswali. Swali linatokea kwenye tableti, mtoto anabonyeza jibu, na majina ya waliojibu yanaonekana kwenye ubao ulioko ukutani. Hata watoto waliokuwa wakiogopa kunyoosha mkono, sasa wanajibu.

"Jana na leo jina moja limezidi. Gisèle. Darasani kwangu hamna Gisèle."

"Anajibu vizuri?"

"Hesabu, vizuri sana. Kifaransa kinampiga chenga. Lakini habahatishi."

"Mtandao wenu unafika wapi?"

"Hauvuki ukuta wa shule."

"Na mtu anaingiaje kwenye mchezo?"

"Kwa namba. Ninaisoma kwa sauti. Aliye nje ya dirisha anaisikia."

Soudi aliweka kalamu chini. "Huyu Gisèle, anajibu mpaka mwisho?"

Claire alifikiri. "Hapana. Mapumziko yakikaribia, ananyamaza. Jana vile, leo vile."

"Basi ni mtu ambaye mapumziko kwake ndiyo kazi."

Asubuhi iliyofuata Soudi alisimama kwenye kona ya jengo. Chini ya dirisha la darasa la tano palikuwa na meza ya mandazi ya Mama Pélagie, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anayewauzia watoto kila siku. Claire alisoma namba. Pélagie alifuta mikono kwa kitenge, akachomoa tableti chini ya mfuko wa unga, akaiinamia. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza.

Soudi angeweza kumkamata pale pale. Alimsubiri ajibu kwanza.

"Mama Pélagie. Gisèle ni nani?"

Mwanamke alishtuka, akaikumbatia tableti kifuani.

"Mzee Thaddée amefungwa kwa ajili ya hiyo," Soudi alisema polepole.

"Mzee Thaddée? Waliniambia ni mugonjwa!" Machozi yalimtoka. "Hana kosa, Shefu. Njo mimi. Nilikuwa napeleka mandazi ya walimu, nikakuta kabati iko wazi. Mufungue yule mzee, munifunge miye."

Claire alikuwa amekwisha kutoka nje. Alishika mdomo: siku ile ya wizi, ni yeye aliyesahau kufunga kabati.

"Kwa nini, Mama?" Soudi aliuliza. "Uliiba uuze?"

"Kuuza? Hapana." Aliketi kwenye benchi. "Gisèle ni dada yangu. Vita ilipofika hapa, shule ilifungwa, tukakimbilia njia ya Kibombo. Kule porini wenye bunduki wakipita, mutu hawezi kusema. Basi Gisèle alikuwa ananilalisha, ananiandikia hesabu kwa kidole mugongoni. Miye najibu kwa kumufinya mukono. Tano, namufinya mara tano. Nikikosa, anaandika tena. Njo nilikuwa naacha kuogopa."

Alipangusa machozi kwa kitenge.

"Akashikwa na homa. Dawa hakuna. Asubuhi moja nikamufinya, hakuniandikia."

Ndani ya darasa watoto walipiga kelele za furaha. Mmoja wao alikuwa amepata jibu.

"Hapa dirishani niliwasikia hawa wanaulizwa, wanajibu bila kusema. Nikawaza, Gisèle angependa. Alijua mengi yule, na hakuna aliyemuuliza tena. Nikataka jina lake lionekane huko ukutani, hata siku moja tu."

Soudi aligeuka akatazama upande wa mto.

Kabla ya saa sita mzee Thaddée alikuwa huru. Pélagie alimpigia magoti mlangoni mwa kituo. Mzee alimwinua, akampangusa vumbi magotini kama binti yake.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Ungeniambia tu."

Claire alikiri kwa mkurugenzi kwamba yeye ndiye aliyeacha kabati wazi, akamwomba aondoe mashtaka dhidi ya Pélagie. Mkurugenzi alinung'unika, kisha akaweka sahihi. Na alasiri, watoto walipokwenda nyumbani, Claire alimwita Pélagie, akamkalisha dawatini, akawasha tableti.

"Niandike Gisèle?"

Pélagie alitikisa kichwa.

"Hapana. Yule alikuwa mwalimu wangu. Andika Pélagie."