Kidoti cha Kijani Juu ya Paa

Jengo lilikuwa na ghorofa tisa na lifti moja tu nzima. Saa mbili na nusu asubuhi, watu wamebanana humo ndani, manukato ya huyu yanagombana na jasho la yule, mlango unataka kufunga haufungi, na ile kengele ya uzito kuzidi inalia piii, piii, piii! Kila mtu akawa anaangalia viatu vyake. Nani anataka kuonekana ndiye mzito?

"Haya, natoka mimi," akasema dada mmoja mwenye gauni la bluu na kilemba cha rangi ya chungwa.

"Aa, dada, tulia. Natoka mimi," akasema kaka mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linang'aa.

Wakatoka wote wawili kwa mpigo. Mlango ukafunga hapo hapo, pwa! Lifti ikaondoka na nafasi ya watu wawili ndani yake.

Wakatazamana. Halafu kicheko kikawashika, kile cha kuinama na kushika mbavu.

"Sasa tumefanya nini?" kaka akauliza.

"Tumefanya wema wa kijinga. Twende ngazi. Mimi naenda ya saba."

"Mimi ya tano, lakini nitakufikisha. Ukizimia njiani nani atakubeba?"

"Mimi mkunga, kaka yangu. Nasimama zamu nzima bila kukaa. Atakayebebwa ni wewe."

Kweli bwana, kufika ya nne kaka alikuwa anahema mpaka shati limemganda mgongoni. Akajisingizia kufunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

"Unafanya kazi gani kaka, mbona pumzi huna?"

"Nahesabu watu. Mradi ukijisifu kwamba umesaidia kina mama mia, mimi nawafuata hao mia, nawauliza, jamani, mmesaidika kweli? Halafu natoa asilimia."

"Basi jina lako ni Asilimia."

"Na wewe, mkunga, unafuata nini ghorofa ya saba? Huko kuna wodi?"

"Kikao tu," akasema, akageukia dirisha.

Kikao chenyewe kilikuwa cha kamati ya maadili. Mtu akitaka kupima kama mradi umewabadilishia watu maisha, lazima apite kwanza kwenye kamati hiyo, ihakikishe kwamba katika kupima kwake hawaumizi hao hao anaowapima. Wajumbe saba: maprofesa, mwanasheria, daktari, na mtu mmoja wa kawaida ambaye hakusomea mambo hayo. Huyo wa kawaida ndiye Mkunga. Alikuwa ameapa kwamba ya kikaoni hayatoki nje. Na kulikuwa na kanuni moja ngumu. Kabla faili halijafunguliwa, Mwenyekiti anauliza, "Nani ana uhusiano na faili hili?" Mwenye uhusiano anatoka nje, hasemi neno, hapigi kura.

Mkunga akajiambia, aa, wapimaji ni wengi mji huu. Faili la huyu litafikaje kwetu?

Akampa namba.

Miezi mitatu, jamani, simu hazikupumzika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimezalisha watatu tangu asubuhi, nile saa ngapi?"

"Watatu! Sasa wa kwetu utamzalisha lini?"

"We! Koma! Hata barua ya posa sijaiona unaniletea habari za watoto!"

"Niache basi nianze na mazoezi. Lini nitawaona hao mapacha wa mdogo wako unaowasifia?"

Hapo ndipo Mkunga alipokuwa ananyamaza. Kila mara. Kwa sababu mdogo wake alikuwa amejificha. Baba Mapacha, mume wake, alimvunja mkono mara mbili, na mara ya pili watoto walikuwa wanaangalia. Alikimbia na begi moja. Mwaka mmoja na zaidi sasa anakaa chumba cha uani, nyuma ya kiwanda cha magodoro, anashona nguo kwa cherehani aliyopewa na mradi mmoja wa kina mama. Katika ndugu, anayejua ni Mkunga peke yake. "Dada, hata ukiota usitaje," mdogo mtu alimwambia, na Mkunga akaapa.

Baba Mapacha hakuacha kupiga simu. Sauti laini kama mafuta ya mtoto. "Dada yangu, nataka kuwaona wanangu tu. Nitawapata. Mimi sina haraka."

Basi Jumanne moja, Mkunga yuko chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, faili la kikao cha Alhamisi likaingia kwenye simu. *Ombi la kuweka wazi ramani ya matokeo, mradi wa kina mama waliotoka kwenye ndoa za kipigo.* Akafungua. Ramani nzuri, imejaa vidoti vya kijani, kila kidoti mama mmoja aliyesaidika. Majina yamefutwa. Namba za simu zimefutwa.

Akaivuta karibu. Akaivuta tena. Kiwanda cha magodoro kile pale. Nyuma yake, juu ya paa la bati, kidoti.

Akabonyeza. Maneno yakatokea: *Fundi cherehani. Mama wa mapacha. Aliondoka kwa mume miezi kumi na minne iliyopita. Anaishi peke yake.*

Kiatu kikamdondoka.

Akashuka hadi mwisho wa faili kutafuta aliyelitengeneza. Lilikuwa jina la Asilimia wake.

Akampigia mdogo wake, vidole vinakosea namba. "Kuna mtu alikuja kukuhoji?"

"Ndiyo, dada mmoja mpole, na tableti. Miezi mitano imepita. Alisema jina haliandikwi popote. Kwani vipi?"

"Hakuna. Funga mlango."

"Dada, unanitisha."

"Funga mlango, mdogo wangu."

Jina halikuandikwa, kweli. Ila tableti ilikuwa inajirekodia yenyewe mahali ilipo kila swali la kwanza linapoulizwa, na Asilimia, kwa furaha ya kutengeneza ramani, hakufikiria kwamba mahali pa mtu ni jina lake la pili. Lakini Mkunga hakujua kama ni kutofikiria. Woga ukimwingia mtu unamtafutia ushahidi. *Lini nitawaona mapacha?* Mara ngapi ameuliza? Na pale kwenye lifti, nani anamtokea mwanamke asiyemjua, anampandisha ngazi za ghorofa saba? Je, kama ametumwa? Je, kama Baba Mapacha alichoka kupiga simu, akatafuta mwenye shati jeupe?



Jioni hiyo hiyo Asilimia akampigia, anaruka kwa furaha. "Kipenzi, Ijumaa saa sita mchana kazi yangu inatoka hadharani! Wameshabandika matangazo! Sema hongera!"

"Hongera."

"Mbona kama unanipa pole?"

"Nimechoka."

"Nije na supu?"

"Usije!" Ilitoka kwa ukali mpaka yeye mwenyewe akashtuka. Akakata. Simu ikaita mara kumi na nne usiku ule na Jumatano nzima, hakupokea. Ujumbe ukaingia: *Kama nimekukosea niambie kosa. Kama umenichoka niambie pia, nitalia mara moja nimalize.* Hakujibu. Angemwambia Mwenyekiti? Mjumbe haruhusiwi kuongelea faili nje ya kikao. Polisi je? Angesema nini, naogopa kidoti?

Alhamisi akafika mapema. Maprofesa walikuwa wanasifia rangi za ramani.

Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akagonga meza. "Faili la kwanza. Nani ana uhusiano?"

Mkunga alihesabu pumzi tatu. Akinyamaza, anabaki na sauti yake, lakini uamuzi wote utafutwa siku wakijua, na ramani itarudi. Akisema, anatoka, na ndani humu hakuna hata mmoja aliyebonyeza kidoti.

Akanyoosha mkono. "Mimi. Na kabla sijatoka naomba kila mtu afungue hiyo ramani, abonyeze..."

"Mama mkunga." Mwenyekiti aliinua kiganja. "Ukishatangaza, huna sauti. Kanuni hiyo uliisaini mwenyewe. Toka tafadhali."

Akatoka.

Na kwenye benchi la korido, shati jeupe, tai nyekundu, faili mapajani, Asilimia anasubiri kuitwa.

Alisimama taratibu. Akatazama mlango aliotokea Mkunga, kisha kitambulisho cha mjumbe shingoni mwake.

"Kumbe," akasema. "Kumbe 'kikao tu'. Miezi mitatu ulikuwa unanichunguza?"

"Na wewe ulikuwa unamtafuta nani?"

"Nini?"

"Umetumwa na nani? Nijibu. Nitazame machoni unijibu."

"Mpenzi, una homa?"

"Toa simu. Fungua ramani yako. Nyuma ya kiwanda cha magodoro. Bonyeza."

"Hatutakiwi kuongea mambo ya..."

"Bonyeza!"

Akabonyeza. Mkunga hakuangalia simu, aliangalia uso. Aliuangalia jinsi anavyoangalia uso wa mzazi pale mtoto anapochelewa kulia. Akaona midomo ya Asilimia inasoma, fundi cherehani, mama wa mapacha, kisha inasimama. Rangi ikamtoka.

"Huyu..." akanong'ona. "Huyu ni mdogo wako."

"Mimi sijakwambia."

"Hujaniambia. Nimejua mwenyewe." Akaigeuza simu kifudifudi. "Sijamwona hata siku moja, na nimemjua sasa hivi nikiwa nimekaa kwenye benchi. Mungu wangu. Wako mia mbili na kumi, mpenzi. Nimewaweka wote."

Hakuna mtu aliyetumwa anayeweza kuigiza uso ule. Kifua cha Mkunga kikalegea kidogo, kidogo tu.

Mlango ukafunguka. "Mwombaji, ingia."

Asilimia akaingia. Mlango ukafunga. Na simu ya Mkunga ikaita.

"Dada yangu." Sauti ya mafuta. "Habari za siku? Nimeona tangazo zuri, la ramani ya ule mradi wa kina mama. Kesho saa sita. Nimeshaweka kengele kwenye simu nisisahau."

Mkunga akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Nisalimie wanangu," akasema, akakata.

Alikaa chini, pale pale sakafuni, gauni lake zuri kwenye vumbi. Ndani zilisikika sauti: ya Asilimia, ya Mwenyekiti, ya bosi wa Asilimia kwenye spika ya simu, ikipanda juu, "Huwezi! Matangazo yameshatoka!" Kisha Asilimia akatoka, tai imelegea, hana faili.

"Nimeliondoa. Mwombaji anaruhusiwa kuondoa ombi lake kabla ya kura. Nimewabonyezea kidoti kimoja mbele yao, nikaizima linki ya ramani mtandaoni hapo hapo. Bosi kanifukuza kazi kabla sijafika mlangoni."

"Kwa hiyo hakuna ramani kesho?"

"Hakuna." Akapiga magoti mbele yake. "Ila nisikudanganye. Linki ya majaribio waliipata watu watano wiki iliyopita. Kama kuna aliyeipiga picha akaituma kwingine, sijui. Kina mama wote wataambiwa leo, Mwenyekiti ameagiza. Wewe mhamishe mdogo wako sasa hivi."

"Nitampeleka kwa..."

Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiniambie. Mimi nisijue hata mtaa. Nenda."

Saa nane mchana cherehani, begi na watoto wawili vilikuwa ndani ya pikapu ya kukodi, na mdogo mtu amejifunika mtandio mpaka machoni. Kila gari lililosimama nyuma yao kwenye taa, Mkunga alikuwa analisoma namba. Kila mwanaume mwenye mabega mapana alimwona ni Baba Mapacha. Walipofika, mdogo wake hakushuka mpaka alipozunguka nyumba nzima kwa macho. "Hapa tutakaa mpaka lini, dada?" akauliza. Mkunga akaanza kushusha cherehani.

Ijumaa, saa sita kasorobo, alikwenda kwa Asilimia. Chumba kimoja, kitanda kimetandikwa kwa haraka, shati jeupe limeanikwa dirishani. Hawakusalimiana. Walikaa ukingoni mwa kitanda, simu ya Mkunga katikati yao.

"Huniulizi wamefika salama?"

"Ukiniambia salama nitataka kujua wapi. Naijua akili yangu, imezoea kuuliza. Acha nikae hivi hivi."

"Inakuuma?"

"Inanikereketa kama jino bovu."

Saa sita na dakika mbili, simu ikaita. Wote wakaruka. Mkunga akaipokea, mkono wake mwingine umezama ndani ya mkono wa Asilimia, kucha zinamchoma, naye hautoi.

"Dada." Mafuta yalikuwa yameisha kwenye ile sauti. "Ramani iko wapi?"

"Ramani gani, baba?" akasema Mkunga. Taratibu, kama anavyosema na mama anayezaa kwa mara ya kwanza. "Mimi nazalisha. Mambo ya ramani siyajui."

"Nitawapata tu."

"Na mimi nimeshakurekodi. Siku zote hizi nimekurekodi. Jumatatu tunakutana mbele ya hakimu, uje na hiyo kengele yako."

Akakata. Kisha machozi yakaja yote ya juma zima.

"Kweli umemrekodi?" Asilimia akauliza.

"Hii ya leo na ya jana. Nyingine nimemtisha tu." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Naogopa. Jumatatu naogopa. Kesho naogopa. Nishike."

Akamshika.

"Mwaka mzima," akasema kwenye bega lake, "sijalala vizuri kando ya mtu wala peke yangu. Nilikuwa nasema, kila anayejua ni hatari. Sasa wewe ulikuwa na njia ya kujua ukakataa." Akajitoa kifuani, akajifuta pua kwa kilemba, kilemba kile kizuri! "Nioe."

"Nini?"

"Umesikia."

"Mimi sina kazi tangu jana!"

"Sijakuuliza kazi. Nakuposa, Asilimia. Jibu haraka kabla sijaanza kuogopa na hili."

Akajibu haraka mpaka ulimi ukajikwaa, ikabidi aseme ndiyo mara mbili.