Daraja Ambalo Chuma Hakuliona

Kitu cha kwanza alichokigundua kilikuwa kidogo sana: askari wake mmoja alikuwa amesimama juu ya daraja, na kikosi kizima cha adui kikampita ubavuni bila hata kugeuza shingo.

Alikunja uso, akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Zamu iliyofuata alimwacha askari palepale, makusudi, aone. Adui akaja tena, akapita tena. Ilikuwa kama jirani unayekutana naye mlangoni uso kwa uso, naye akupite bila salamu.

Msichana huyo wenzake walimwita Kibubu, kwa sababu siku nzima ingeweza kupita mtu asiisikie sauti yake. Darasani alijibu kwa kutikisa kichwa, dukani alionyesha kwa kidole. Mama yake alizoea kusema, "Huyu wangu akikanyagwa mguu, atasubiri mpaka mtu aondoke mwenyewe."

Katika siku za likizo, akishaosha vyombo na kufagia ua, Kibubu alivuka barabara kwenda kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi wa meno ya bandia. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: meza iliyojaa vumbi jeupe la plasta, mashine ndogo ya kusugulia iliyolia kama mbu mwenye hasira, na rafu ndefu iliyopangwa mataya ya plasta kutoka ukuta hadi ukuta. Mgeni akiingia mara ya kwanza, alidhani nyumba inamcheka.

Alasiri, kazi ya meno ikiisha, Shangazi alinawa mikono hadi viwikoni, akavuta kiti hadi kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni, akawa mtu mwingine kabisa. Alikuwa akitengeneza mchezo wa vita. Hakutumwa na mtu, wala hakuna aliyemlipa. Programu alijifunza mwenyewe, kidogo kidogo, jioni baada ya jioni.

"Wengine wakipumzika wanafuma vitambaa," aliwaambia waliomshangaa. "Mimi nafuma majeshi."

Uwanja wa vita ulikuwa ramani iliyogawanywa vipande vya pembe sita, kama sega la nyuki. Mto ulikata katikati. Upande mmoja kulikuwa na jeshi la buluu, la mchezaji. Upande wa pili kulikuwa na jeshi jekundu lililoongozwa na kompyuta yenyewe, na ng'ambo ya daraja ilisimama ngome yake. Ukifanikiwa kumwingiza askari wako hata mmoja langoni, umeshinda. Jemadari huyo wa kompyuta watoto walimpa jina la Chuma, kwa kuwa hakuwa na huruma hata chembe. Kulikuwa na msitu pia, na vilima. Vilima vile, kusema kweli, vilifanana na magego.

"Shangazi," aliuliza Domo, mtoto wa jirani ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, "huyu askari anapanda mlima au anang'oa jino?"

"Wewe cheza, acha maneno. Nachonga magego kutwa nzima, mkono umeshazoea!"

Miwani, rafiki yao aliyevaa miwani mikubwa kuliko uso wake, alicheka hadi ikamdondoka.

Lakini Kibubu hakucheka. Tangu siku Shangazi alipomfungulia ndani ya mchezo, aliuangalia kwa jicho jingine. Mle ndani hamkuwa na askari, wala mto, wala moshi. Kulikuwa na maandishi tu, mstari chini ya mstari, na Shangazi akamsomea maana yake kwa kidole.

"Hapa nimeandika mvua. Ikinyesha, njia zinakuwa tope na watu wanatembea polepole. Na hapa," alisema, akishusha kidole, "ndipo nilipoandika woga. Bila mistari hii askari hawajui kukimbia. Wangesimama tu kama visiki mpaka waishe wote."

Kibubu alihisi mwili ukimsisimka. Mtu kaandika mvua, ikanyesha. Kaandika woga, na watu wadogo wasio na damu wakaogopa! Alimtazama shangazi yake, na vumbi jeupe lililobaki kwenye nyusi zake, akaona kama anamwona kwa mara ya kwanza. Alitaka kusema kitu. Akakimeza.

"Mkiona jambo la ajabu mniambie," Shangazi aliwaagiza wote watatu. "Mimi nimeuzoea mchezo huu, macho yangu yameshalala. Nyinyi ndio macho yangu."

Ndipo likaja jambo la daraja, na Kibubu hakusema. Mwanzoni alinyamaza kwa kuwa kunyamaza ndiko alikokuzoea. Baadaye alinyamaza kwa sababu nyingine. Alimwacha askari wake darajani mpaka Chuma akapeleka walinzi wake mbali, akiona hakuna mtu karibu. Kisha akamwingiza askari langoni, hatua moja tu, taratibu, kama mtu anayerudi kwao.

Domo, ambaye alikuwa amepigwa na Chuma mpaka akakoma kuhesabu, aliruka juu. "Mungu wangu! Kibubu kamshinda Chuma! Njooni muone! Kibubu kamchapa Chuma!"

Kabla jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa na habari. Jina la Kibubu likatupwa, akawa Jemadari. Kinyozi wa jirani alimpigia saluti kwa kitana. Watoto ambao hawakuwahi kumkaribisha hata kwenye kamba ya kuruka walimsogezea kiti. Na yeye, ambaye maisha yake yote alikuwa wa kukaa nyuma, akaonja utamu wa kutazamwa.

Kila alasiri alishinda. Alijifunza kuwazungusha watazamaji: alianza kwa vishindo vilimani, vikosi vikapanda na kushuka, macho ya wote yakakodoka huko, halafu askari mmoja asiye na makuu akajipenyeza darajani. Walipomuuliza siri yake, alitabasamu tu.

"Mnaona?" Miwani alisema. "Mwenye akili hajisifu."

Kibubu alitazama chini.

Shangazi alikaa nyuma yake akimtazama anavyocheza, penseli ikigonga kidevu. Alimwongezea Chuma askari, akashindwa. Alimfundisha kuvizia msituni, akashindwa. Akamfundisha subira, jambo ambalo, alisema, hata Domo hajafundishika. Chuma akashindwa vilevile. Siku baada ya siku, ule mwanga aliokuwa nao Shangazi kila alipovuta kiti ukafifia. Alianza kusahau kunawa mikono. Vibonye vya kibodi vikawa vyeupe kwa plasta.

Jioni moja alishika tama, akasema bila kumtazama mtu, "Kesho sipokei mteja. Namfuta Chuma."

"Unamfutaje?" aliuliza Miwani.

"Akili yake yote. Nakala nimeshazitupa, nisije nikajionea huruma. Ina kasoro mahali na sijui ni wapi. Kila ninachomfundisha hakimsaidii kitu. Ningekuwa najua ninachofanya, mtoto wa darasa la sita asingempiga kila siku." Akajaribu kucheka. "Pengine mambo haya si yangu. Nibaki na meno ya watu."



Kibubu alikwenda nyumbani. Alijua kasoro iko wapi. Alijua tangu siku ya kwanza. Akisema, Jemadari amekwisha. Kitarudi kile kiti cha nyuma, na kidole cha dukani, na jina lile. Asiposema, kesho mvua itafutwa. Woga utafutwa. Mtu aliyeandika vitu hivyo kwa mikono yake atabaki akiamini kwamba hajui kitu, na aliyemwaminisha hivyo ni yeye.

Asubuhi alivuka barabara kabla hata ya kufagia ua.

Alimkuta Shangazi ameshakaa kwenye kompyuta. Mistari mingi ilikuwa imepakwa rangi kwenye kioo, tayari kuondolewa, na kidole chake kilikuwa juu ya kibonye.

"Shangazi."

Shangazi aligeuka kama aliyeitwa na ukuta. Hakukumbuka siku ambayo mtoto huyu alianza mazungumzo.

"Kuna nini, mama? Nyumbani wazima?"

 Kibubu akajikaza kisabuni. "Usimfute. Hana kosa. Ni... ni pale darajani. Hanioni."

"Nani hakuoni?"

"Chuma. Nikisimama darajani hanioni. Mimi sina akili yoyote, Shangazi. Nasimama tu pale, akienda zake, naingia."

 Shangazi aliondoa kidole, akafungua mchezo, akampisha kiti. Kibubu alimweka askari darajani. Kikosi chekundu kikaja, kikapita.

"Rudia."

Akarudia. Kikapita.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza niliposhinda."

"Na mimi nikajiona mjinga likizo nzima!" Sauti ilimpanda, kisha ikakatika. Kibubu aliinamisha kichwa akisubiri kufukuzwa. Lakini Shangazi alikuwa ameshageukia maandishi, midomo ikisoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ghafla akajipiga paja.

"Hii hapa kasoro! Nilimwambia mwenyewe: 'Majini hasimami mtu, usipoteze muda kutazama.' Na daraja nimelichora juu ya maji. Kwa hiyo kwa Chuma, pale pote ni maji tu..."

"...kwa hiyo hatazami," Kibubu alimalizia.

"Hatazami! Hata ungemwekea jeshi zima na ngoma! Maskini Chuma. Si mjinga huyu. Ni mtiifu kupita kiasi!"

Aliongeza mstari mmoja. Ulikuwa mfupi kuliko jina la mtu. "Haya, Jemadari. Cheza."

Kibubu akamweka askari wake darajani. Kikosi chekundu kikaja kama siku zote, hatua, hatua, kikafika usawa wa daraja.

Kikasimama. Kikageuka.

 Ilikuwa picha tu, vitone vyekundu juu ya kioo, lakini Kibubu alijua kwa mwili wote kwamba ameonwa. Chuma hakukurupuka. Alirudisha walinzi langoni. Alificha kikosi msituni, akangoja. Alipeleka kingine nyuma ya vilima, kwa utulivu, kama mtu anayejua anachokitaka. Yote aliyofundishwa siku zile, uviziaji na subira, yalikuwamo ndani yake muda wote, yakisubiri tu afunguliwe macho. Askari wa buluu walizungukwa, wakaogopa, wakakimbia kwenye mvua. Kibubu alipigwa vibaya sana, na hakuwahi kuona kitu kinachopendeza namna ile.

Domo na Miwani waliingia wakati bendera nyekundu inapanda.

"Eee! Jemadari kapigwa!" Domo alipiga kelele. "Imekuwaje?"

Shangazi alimtazama Kibubu. Kibubu aliona kwamba hilo limeachiwa yeye. Akawaeleza mwenyewe, kwa sentensi fupi fupi, kuanzia siku ya kwanza darajani hadi asubuhi ile.

"Kumbe Jemadari wa chini ya daraja!" Domo alicheka akijishika mbavu. "Na saluti zetu utaturudishia lini?"

Ilimchoma. Macho yalimjaa maji.

"Domo," Shangazi alisema, "wewe umewahi kumshinda Chuma hata kwa kudanganya?"

Domo akajikuna kichwa. "Mimi nilikuwa najiandaa."

Wakacheka wote, hata Kibubu, machozi yakiwa bado shavuni. Kisha Shangazi akavuta kiti chake kuwaelekea.

"Sikiliza, mwanangu. Ulinificha, na limeniuma, sitakudanganya. Uliona kasoro ukainyamazia, mimi nikabeba lawama isiyo yangu, nusura niharibu kazi nzuri kwa ajili ya mstari mmoja. Anayetengeneza kitu hawezi kuona makosa yake yote. Anahitaji mwenzake aliyeona aseme, hata kama kusema kutamnyima sifa. Ungeweza kukaa nyumbani asubuhi hii na ungebaki Jemadari. Umekuja. Huo ndio uaminifu: kusema kweli wakati kweli inakugharimu. Sifa utazipata nyingine, na hizo hutakuwa na haja ya kuzificha." Akamgeukia Domo. "Na wewe, ukimcheka mtu aliyesema kweli, kesho hatasema, na atakayepata hasara ni wewe."

Domo alitazama vidole vyake vya miguu. "Samahani, Jem... samahani."

"Haya." Shangazi alikung'uta plasta kwenye kibodi, akamkonyeza Kibubu. "Kuna jingine ulilonificha? Sema kabisa leo, tumalize."

Alisema kwa mzaha, akaanza kugeukia kompyuta yake bila kutegemea jibu.

"Lipo," alisema Kibubu.

Shangazi akageuka tena. 

"Mchezo wako ni mzuri, Shangazi," alisema, na safari hii sauti yake haikutetemeka. "Ni mzuri mpaka huwa naogopa kuugusa."