Nyati wa Kitalu cha Tisa

Foleni ya duka la kutoa nakala ilikuwa imefika mlangoni pale mashine ilipotema karatasi za mtaalamu wa takwimu zikiwa zimechanganyika na za mwanamume aliyesimama nyuma yake. Huyo bwana alivaa sare ya kijani ya askari wa wanyamapori, iliyopauka mabegani, na buti zake zilikuwa na matope, katikati ya jiji lenye lami kila upande.

"Dada, hii michoro ya milima ni yako?"

"Si milima. Ni nyati, wanavyoongezeka na kupungua kila mwaka. Kompyuta inakadiria."

"Kumbe ni wewe! Nyati hao nawahesabu mimi porini, kitalu kwa kitalu, kwa miguu, jua likiniwakia utosini!"

Alicheka mpaka mwenye duka akakohoa. Mwaka haukuisha wakawa wanaitana Profesa na Askari wangu, na mjomba wa askari akapangiwa kwenda kuposa Jumamosi.

Jumanne ya wiki hiyo, Profesa alipoendesha programu yake, nyati wote walikufa kwenye skrini ndani ya miaka tisa ijayo. Akarudia, wakafa tena. Mara ya tatu aliwaangalia wakifa huku chai ikipoa, kisha akapiga simu.

"Umenihesabia nini wewe?"

"Nyati, mpenzi. Mbona unafoka?"

"Kitalu cha tisa ndicho chenye mto! Kiangazi wanajazana huko, halafu unaniletea sifuri?"

"Sijaandika sifuri mimi."

"Naiona kwenye skrini kwa macho yangu!"

"Basi olewa na hiyo skrini."

"Sawa. Mwambie mjomba wako asije."

Akakata. Kusema kweli, ungetamani kuwavuta masikio wote wawili.

Siku mbili hakuna aliyempigia mwenzake. Alhamisi, akitafuta ushahidi wa kummaliza kabisa, Profesa alifungua faili la fomu za hesabu alizojaza askari. Kisanduku cha kitalu cha tisa kilikuwa kitupu. Pembeni, kwa kalamu ya risasi, paliandikwa: *Sikufika. Profesa kanipigia, mama yake kalazwa. Nimegeuza gari.*

Akakumbuka. Ni yeye aliyelia kwenye simu siku ile, na askari akatokea wodini na buti zake, akakaa na mama mgonjwa hadi asubuhi. Na ni yeye aliyejaza sifuri, kwa kuwa programu ilikataa nafasi tupu na alikuwa na haraka ya kwenda kula. Aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni.

Akapiga. Hapatikani. Akapiga mara kumi na saba. Hapatikani! Alikuwa karibu kuitupa simu dirishani ilipolia yenyewe, Ijumaa mchana.

"Mia nne na kumi na wawili," sauti ilisema, ikihema. "Kitalu cha tisa. Nimepanda kilima kutafuta mtandao, kwa hiyo usianze kufoka."

"Askari wangu, sifuri niliijaza mimi. Nisamehe."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ulinipa nafasi?"

"Na mjomba? Ulimwambia asije?"

"Nilimwambia nina kazi kwanza. Akasema haendi kuposa bila mimi, basi nimekuja naye. Anahesabu upande wa pili wa mto. Nimemwazima buti zangu za akiba, zinambana, tangu asubuhi ananitukana mimi, wewe na nyati."

Profesa alicheka huku machozi yakimtoka.

"Mwambie kesho aje. Hata na buti hizohizo."