Samaki Mwenye Kope

Samaki alipepesa macho.

Mzee Ratmoko alisogeza kiti karibu na tangi la kioo, akafuta miwani kwa ncha ya saruni yake, akatazama tena. Kwa miaka mingi alikuwa akifuga samaki wa maji ya chumvi nyumbani kwake Surabaya, na alijua vizuri kwamba samaki wa aina hii hawana kope. Huyu aliyemnunua jana sokoni, mweusi, mpana kama kisahani, mwenye duara jeupe ubavuni, alifumba macho taratibu, akayafumbua, akamkodolea.

"Wening, njoo umwone huyu!"

Binti yake akaja akijishika kiuno. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na mumewe alikuwa safarini melini.

"Anaitwaje, Baba?"

"Sijui bado."

"Wewe hujui samaki? Basi dunia imekwisha," akacheka.

Ratmoko akafungua vitabu vyake vyote. Akahesabu miiba ya pezi la mgongoni, akalinganisha mkia na rangi, hakumpata. Akampiga picha na kumtumia rafiki yake Gunadi, fundi wa matangi. Dakika haikupita, simu ikalia.

"Unanitania, mzee mwenzangu? Umenitumia picha ya jiwe."

Ratmoko akaitazama ile picha. Kweli, palikuwa na jiwe na maji matupu.

"Labda amejificha," akasema, ingawa alijua hakujificha.

Kula nako hakula. Ratmoko alimkatia nyama ya kamba, akamsagia ngisi, akamfungia mwani kwenye jiwe, akamtilia hata uduvi hai. Siku ya sita vyakula vyote vilikuwa vinaoza chini ya tangi, na samaki hakuwa amekonda hata kidogo. Siku hiyo Wening alijikata kidole akipasua chaza. Hakukifunga kidonda, akatumbukiza mkono majini na kipande cha nyama. Samaki akakipita kile kipande, akakiendea kidole.

"Kala! Baba, kala!"

Ratmoko alifurahi. Baadaye alikuja kuijutia sana furaha ile.

Tangu hapo, kumlisha kukawa kazi ya Wening. Nyumba ikaanza kunukia asumini, na chini ya harufu ile palikuwa na shombo. Mchana, majirani wakiwa wamejilaza kwa joto, Ratmoko alisikia mlio kama wa mtoto mchanga anayenyonya. Akadhani ni pampu ya hewa. Akaizima. Mlio ukaendelea.

Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, alimkuta Wening amekaa mbele ya tangi, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, uso umempauka, akiyumba taratibu kama mama anayebembeleza mtoto, na tumbo ambalo asubuhi lilikuwa limejaa sasa limelegea ndani ya gauni, na yule samaki, aliyekuwa ameshakua mkubwa kama mto wa kulalia, amejibandika kwenye kiganja chake, macho kayafumba kwa raha, anavuta, anavuta.

"Wening!"

"Polepole, Baba, usimshtue. Ndiyo kwanza anaanza kushiba."

"Toa mkono, mwanangu."

"Nimeshamjua ni nani. Ni Ilham."

Mzee akalitazama tumbo lililolegea. Ilham ndilo jina ambalo Wening na mumewe walikuwa wamemchagulia mtoto wao.

"Na huyo wa tumboni?"

"Hajacheza tangu Jumanne," akanong'ona, akitabasamu.

Gunadi alipopigiwa simu alikuja na Kiai Mukhlas, mwalimu wa dini wa mtaa wao. Kiai hakusogelea tangi. Alisimama mlangoni, akanusa.

"Mmempa jina?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Binti yangu kampa la mwanawe."

"Basi mmemkaribisha wenyewe. Jina hilo msimwite tena mtoto yeyote wa nyumba hii."

Akaanza kusoma dua. Maji yakatokota bila moto. Kinywani mwa Wening ikatoka sauti isiyo yake.

"Nina njaa! Kaniita mwenyewe!"

"Kakuita bila kujua. Toka!"

"Nitoke niende wapi, na mama yangu yuko hapa?"

Gunadi alimshika Wening mabega, Ratmoko akawa anamwita binti yake kwa jina, tena na tena, na kiai akazidi kupaza sauti, mpaka kioo kikapasuka kutoka juu hadi chini. Maji yakakimbilia bafuni, yakaingia kwenye tundu la sakafuni kwa mlio kama wa mtu anayemeza. Wakamtafuta yule samaki chini ya kila kiti. Hawakumwona.

Kabla ya magharibi Wening alishikwa na uchungu. Mtoto alizaliwa hai, mdogo, dhaifu, wakamwita Wahyu. Lakini maziwa ya mama hayakutoka. Walimkanda, wakampikia supu ya majani, wapi! Babu ndiye aliyemlisha mjukuu kwa chupa.

Siku ya arobaini, mchana, Wening aliingia bafuni kuoga. Ratmoko alikuwa amekaa sebuleni, Wahyu amelala kifuani pake. Akasikia mtoto analia. Akamtazama mjukuu wake: kimya, usingizi mzito. Kilio kilitoka bafuni, chini ya sakafu, chembamba, cha njaa.

Mlango ukafunguka. Wening alikuwa amejifunga kitambaa kilicholowa kifuani, na maziwa yalimchuruzika mpaka kwenye nyayo.

"Baba," akanong'ona, "yametoka."

Hakumtazama Wahyu. Aligeuka, akarudi ndani, na Ratmoko akasikia komeo likiingia mahali pake.