Suruali Kutoka kwa Bi Cherehani

Jua lilikuwa linatua Mwandishi alipokwenda kuchukua suruali yake kwa Bi Cherehani, mjane aliyeshona nguo mtaa wa nyuma. Njiani alibonyeza simu huku akiguna. Wasomaji walikuwa wanadai sehemu mpya. Aliwaita "kuku wangu": unawarushia punje, wanagombana, wanataga. Hakuwa na bosi wala ofisi. Hadithi za uchawi alizouza mtandaoni ndizo zilizomlisha yeye na dada yake. Na mchawi wa hadithi hizo, kikongwe mwenye kengeza na cherehani, mtaa mzima ulijua ni nani.

"Wajinga wanapenda kutishwa na mtu wanayemjua," alikuwa akimwambia dada yake.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Ndani giza. Harufu ya karafuu maiti ikampiga puani.

"Hodi... Bibi?"

"Pita, mjukuu wangu." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyefunikwa nguo usoni. "Simama nikupime."

"Nimefuata suruali yangu tu, Bibi. Ile ya kupunguza."

"Simama."

Futi ikamgusa utosini. Ikashuka mgongoni... taratibu... mpaka kisiginoni. Baridi! Hakupimwa kiuno. Hakupimwa mguu.

Alipimwa urefu tu.

"Kitambaa kitatosha," Bibi akanong'ona. "Kitatosha wawili."

Mwandishi alinyakua suruali yake mezani, akatoka akicheka peke yake. Kikongwe kimechanganyikiwa! Sehemu mpya imejileta yenyewe.

Nyumbani, dada yake alipoiona suruali, sufuria ikamponyoka.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kwa Bibi. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Kaka... Bibi tumemzika leo mchana. Vijana walimvamia jana wakamuua, wanasema wamesoma habari zake. Nilikugongea twende mazikoni, ukanifokea. Eti unaandika."

Akakaa. Halafu mkono wake ukaifuata simu.

"Usithubutu," dada akanong'ona.

Akathubutu. Aliandika yote: harufu, futi, hata sufuria. Akarusha. Kuku wakaja mbio kuliko siku zote. Akabetua midomo, akaanza kusoma.

"Natetemeka!"

"Ila huyo dada... aliijuaje suruali kabla hajaambiwa?"

"Amerithishwa."

"Dada ndiye!"

"Wanakaa wapi?"

"Mimi napajua."

Akaandika upesi kwamba ametunga, ni hadithi tu, dada yake hana neno. Wakamhurumia. Maskini, walisema, ameshalogwa, hata mikono si yake tena.

Nje, nyayo.

Nyingi...

Zikasimama mlangoni. Dada akamshika bega.

"Usiogope, Mwandishi," kijana mmoja akaita kwa adabu. "Tumekuja kukuokoa."